Rafiki yangu anakimbia kwa ajili ya watoto walioathiriwa na vita: nimsaidie vipi?

SWALI

Rafiki yangu wa miaka mingi amejiandikisha kukimbia marathoni ili achangishe fedha kwa ajili ya watoto walioathiriwa na vita, na ameniomba nimuunge mkono. Kipato changu ni kidogo, na kusema kweli nina wasiwasi kama fedha za namna hii huwafikia watoto wenyewe. Zaidi ya hayo, ameniomba nimsaidie kuandika maelezo ya ukurasa wake wa michango, na amenitumia picha ya mtoto aliyejeruhiwa ambayo anataka kuiweka juu kabisa. Picha hiyo imeninyima usingizi. Nifanye nini ili nimsaidie bila kumvunja moyo?

JIBU

Ndugu msomaji,

Nakushukuru kwa barua yako, na hasa kwa ile sentensi ya picha. Wengi wanaoniandikia kuhusu michango huuliza watoe kiasi gani. Wewe umegusa jambo gumu zaidi, na jinsi mtakavyolitatua ndivyo mbio za rafiki yako zitakavyowafaa au kutowafaa watoto anaowakusudia. Nimefanya kazi ya kuchangisha fedha za huduma kwa watoto wa maeneo ya vita kwa miaka mingi, nami nitakujibu kwa kirefu, nikianza na mambo ya fedha, ambayo ni mepesi kuliko yanavyoonekana, ili nipate nafasi ya kukaa kwenye lile la picha na maneno.

Kipato kidogo hakikuzuii kuwa msaada mkubwa, ila kinakutaka uwe na mpango. Mtu anapofungua ukurasa wa michango husoma maelezo haraka haraka, kisha macho yake hushuka kwenye orodha ya waliokwisha kutoa, na hapo ndipo anapopimia mchango wake. Wachumi wa Uingereza waliochunguza kurasa za wakimbiaji wa London Marathon waliona jambo hili waziwazi: mchango mkubwa ukitangulia, wanaofuata huelekea kuongeza, na ukitangulia mdogo, nao huelekea kupunguza. Kwa hiyo huenda ushauri wangu ukakushangaza: ikiwa unachoweza kutoa ni kidogo, usikimbilie kuwa wa kwanza. Kaa na rafiki yako kabla ukurasa haujatangazwa, mtafute mtu mmoja au wawili wenye uwezo miongoni mwa jamaa na wafanyakazi wenzenu, mwaombe watoe siku ileile ukurasa unapofunguliwa, kisha wewe ufuate. Kurasa nyingi humruhusu mtoaji kuficha kiasi chake na kuacha ujumbe wake uonekane, na ujumbe mzuri nao huwavuta watu. Muulize pia mwajiri wako na wa rafiki yako kama wana utaratibu wa kuongeza juu ya kile ambacho wafanyakazi wao wamechangisha, kwa kuwa wapo waajiri wengi wenye utaratibu huo ambao hawautangazi.

Kuna jambo ambalo wakimbiaji huona haya kulisema, nalo ni jinsi walivyopata nafasi ya kukimbia. Katika marathoni kubwa, mashirika ya hisani hupewa au hununua nafasi, kisha huzigawa kwa wakimbiaji wanaoahidi kuleta kiasi fulani cha chini, na baadhi ya makubaliano humtaka mkimbiaji afidie kinachopungua kutoka mfukoni mwake. Kama rafiki yako ametia saini ahadi ya aina hiyo, inawezekana kwamba usiku anaiwaza hesabu hiyo kuliko kilomita 42.195 zinazomngoja. Muulize kwa upole mkiwa wawili. Ukijua deni alilojitwika, utajua pia kwa nini alikimbilia picha inayoshtua.

Nije kwenye wasiwasi wako kama fedha hufika. Ni wasiwasi wa haki, wala hauonyeshi uchoyo, na rafiki yako atakushukuru ukimsaidia kuujibu kabla wengine hawajamuuliza hadharani. Hakikisheni kwamba shirika limesajiliwa na linatoa taarifa ya fedha ya kila mwaka iliyopitiwa na mkaguzi wa nje. Fungueni ukurasa wa michango kupitia tovuti ya shirika lenyewe, kwa maana kila vita inapozuka, matapeli hufungua kurasa zinazofanana na zile za kweli, wakitumia majina yanayokaribiana na ya mashirika yanayojulikana. Fedha ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika, zisipitie kwenye akaunti wala simu ya rafiki yako, hata kama uaminifu wake hauna shaka. Utaratibu huo humlinda yeye kwanza. Angalieni pia makato: mitandao mingine ya michango huongeza bahshishi yake yenyewe juu ya mchango, ikiwa imekwisha kujazwa tayari, na mtoaji ana haki ya kuishusha hadi sifuri.

Wapo wanaolipima shirika kwa asilimia ya gharama za uendeshaji peke yake, wakiamini kwamba inavyokuwa ndogo ndivyo shirika linavyokuwa safi. Sikubaliani na kipimo hicho kikitumiwa peke yake. Dereva anayepitisha dawa kwenye vizuizi vitano vya barabarani ni gharama ya uendeshaji. Mhasibu anayegundua risiti ya kughushi ni gharama ya uendeshaji, na vivyo hivyo ofisa anayechunguza historia ya kila mtu kabla hajaruhusiwa kuwa karibu na watoto. Shirika lisilotumia chochote kwa watu hao ningeliogopa zaidi kuliko linalotumia kidogo na kueleza kwa nini.

Swali ninalolipa uzito kuliko yote ni hili: shirika hufanya nini linapompata mtoto akiwa peke yake? Likijibu kwa fahari kwamba linajenga vituo vya mayatima, ulizeni zaidi. Mtoto aliyepotezana na wazazi wakati wa kukimbia si lazima awe yatima, na miongozo ya kimataifa, ikiwamo ile ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala ya watoto, inataka kwanza familia yake itafutwe, kisha ndugu, kisha familia nyingine ya kumlea, huku kituo kikiwa njia ya mwisho na ya muda. Kituo kinachopata fedha kwa kuhesabu vitanda vilivyojaa kina sababu ya kutomtafuta mama.

Kazi ya kumtafuta mama huyo ni ya subira isiyo ya kawaida. Mtoto wa miaka 3 hajui jina la ukoo, hajui wilaya, na ukimuuliza mama yake anaitwa nani atakujibu, bila kusita, kwamba anaitwa Mama. Kwa hiyo anayemhoji huandika vitu vingine: wimbo aliokuwa akiimbiwa, jina la ng'ombe au mbwa wa nyumbani, kama walikuwa wakichota maji mtoni au kisimani, neno la lahaja analolitumia kuitia bibi yake, kovu lililo juu ya goti. Nguo aliyokutwa nayo haitupwi hata ikiwa imechanika, kwa kuwa huenda aliyeishona akaitambua. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, watoto waliotengana na familia zao walikuwa wengi mno, na miongoni mwa njia zilizotumika ilikuwa kuwapiga picha na kuzionyesha kambini na vijijini ili wazazi wazipitie moja baada ya nyingine. Naomba uishike picha ya namna hiyo akilini, kwani nitairudia.

Kabla ya hapo nataka ujue fedha za rafiki yako zinaweza kufanya nini, kwa sababu huwezi kuandika maelezo mazuri juu ya kitu usichokiona. Chukua uzi, pima sentimita 11.5, kata, kisha ufunge ncha zake upate duara. Kitundu chake hakifiki upana wa sentimita 4. Mtoto mwenye umri wa kati ya miezi 6 na miaka 5 ambaye mkono wake wa juu una mzunguko mdogo kuliko uzi huo huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali, na maisha yake yamo hatarini. Wahudumu hutumia utepe wenye rangi ya kijani, njano na nyekundu, ambao mama anaweza kufundishwa kuutumia mwenyewe kwa dakika chache. Mtoto anayeangukia kwenye nyekundu, ikiwa hana matatizo mengine na bado ana hamu ya kula, hutibiwa nyumbani kwa chakula dawa cha karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Pakiti moja ina gramu 92 na nishati ya kilokalori 500. Haihitaji kupikwa wala kuchanganywa na maji, na hilo ndilo lililoifanya ifae mahali ambapo visima vimeharibiwa: mama anachana kona ya pakiti, anaibinya, na mtoto ananyonya. Kwa kawaida matibabu huchukua wiki 6 hadi 8.

Majeraha ya milipuko yana hesabu nyingine, na hapa ndipo michango mingi hukatika katikati. Mtu mzima aliyepoteza mguu anaweza kutumia mguu bandia mmoja kwa miaka kadhaa. Mtoto anakua. Mguu bandia uliomfaa mwezi wa kwanza huwa mfupi na kumbana kabla mwaka haujaisha, na wataalamu husema mtoto huhitaji mpya takriban kila miezi 6. Mfupa uliokatwa nao unaweza kuendelea kukua na kusukuma ngozi, hata ikabidi afanyiwe upasuaji tena. Mtoto aliyejeruhiwa akiwa na miaka 7 ana zaidi ya miaka kumi ya kurudi kliniki, na miaka hiyo yote kamera zimekwisha ondoka.

Kuhusu majeraha ya moyo, wachangishaji wengi hueneza kosa moja, nami naomba mlikwepe. Huandika kwamba watoto wa vita wameharibika, kwamba ni kizazi kilichopotea. Si kweli, na kauli hiyo huwaumiza watoto wenyewe wanapoisikia. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2007 kuhusu afya ya akili katika dharura imepanga msaada kama piramidi: chini kabisa, kwa watoto wote, ni usalama, chakula na huduma za msingi, juu yake ni familia na jamii, kisha msaada wa karibu kwa baadhi, na kileleni, kwa wachache, ni tabibu aliyebobea. Watoto wengi hutulia wanapokuwa na mtu mzima wao, ratiba ya siku, shule na mahali pa kuchezea pasipo na hatari. Wachache hubaki na jinamizi, kukojoa kitandani, ukimya wa miezi au hasira isiyopoa, nao huhitaji matibabu yenye ufuatiliaji. Kinachojulikana pia ni kwamba kumkalisha mtoto mara moja na kumtaka asimulie yote yaliyompata hakumponyi. Kwa hiyo shirika linalowapanga watoto wasimulie mikasa yao mbele ya kila mgeni na mfadhili linafanya kinyume cha kazi yake.

Sasa tuirudie picha. Rafiki yako atakuambia kwamba picha kama ile hufanya kazi, naye hatakuwa anadanganya. Historia ya mashirika ya watoto imeanza nayo. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watoto wa Ujerumani na Austria walikuwa wakifa kwa njaa kwa kuwa vizuizi vya meli za mizigo viliendelea hata baada ya mapigano kusimama. Mwanamke Mwingereza, Eglantyne Jebb, alikwenda Trafalgar Square mjini London kugawa vipeperushi vyenye picha ya mtoto wa Austria aliyekondeana. Alikamatwa kwa kugawa karatasi ambazo hazikupitishwa na mamlaka ya udhibiti, akafikishwa mahakamani na kutozwa faini ya pauni 5. Mwendesha mashtaka aliyemshtaki alitoa pauni 5 zake mwenyewe, na fedha hizo huhesabiwa kuwa miongoni mwa michango ya kwanza ya Save the Children, shirika ambalo Jebb na dada yake Dorothy Buxton walilianzisha mwaka huohuo. Miaka 5 baadaye, Jumuiya ya Mataifa, iliyoutangulia Umoja wa Mataifa, ilipitisha mjini Geneva tamko la haki za mtoto lililotokana na maandishi yake Jebb.

Kisa hicho nakipenda kwa sababu watoto wale walikuwa watoto wa adui, na watu walitoa. Hata hivyo, kipeperushi cha karatasi kilichogawiwa uwanjani mwaka 1919 hakikuweza kumfuata mtoto yule hadi utu uzima wake. Picha ya leo inaweza. Inanakiliwa, inahifadhiwa, inatumwa na watu wasiojua lolote juu yake, na mtoto aliyelala kitandani akiwa nusu uchi, bandeji ikiwa imeloa damu, atakapofika miaka 15 ataikuta kwenye simu ya mwanafunzi mwenzake. Mahali ambapo vita havijaisha, uso unaotambulika ukiambatana na jina la kijiji unaweza kuwaelekeza wabaya kwenye mlango wa familia. Ndiyo maana miongozo ya UNICEF ya kuripoti habari za watoto inataka jina libadilishwe na sura ifichwe kwa mtoto aliyenajisiwa, aliyetumikishwa na wapiganaji, au ambaye kutajwa kwake kunaweza kumletea madhara au kisasi.

Kumbuka zile picha za Rwanda. Zilikuwa za watoto vilevile, nazo zilionyeshwa kwa maelfu ya watu wasiowajua. Tofauti ni kwamba zilipigwa na kuonyeshwa kwa faida ya mtoto aliyemo ndani yake, ili mama yake amwone. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mimi kila ninapoletewa picha: mtoto huyu anapata nini kwa kuonekana hapa? Zamani, nikiwa mgeni katika kazi hii, niliandika ombi la msaada lililokuwa na uso wa msichana mmoja na maelezo ya yaliyompata, na ombi lile lilileta fedha nyingi. Baada ya miaka kadhaa nilipata salamu zake kupitia mhudumu aliyekuwa akimtembelea. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu kama maneno yale bado yapo, na kama yanaweza kuondolewa, kwa sababu alikuwa karibu kuolewa. Nilishughulika kwa wiki nyingi kuyaondoa na sikufaulu kuyafuta yote. Tangu siku hiyo sijaweka tena uso wa mtoto aliyejeruhiwa mbele ya ombi lolote.

Basi umwambie nini rafiki yako? Usimwambie kwamba amekosea. Mwambie kwamba picha imekugusa, kama ulivyoniambia mimi, kisha mwulize maswali matatu kwa utaratibu: imetoka wapi, mtoto au mlezi wake aliridhia itumiwe kwa ajili hii, na tungependa iwe ya mtoto wa dada yetu? Ikiwa aliichukua kwenye mitandao ya kijamii, hana ridhaa ya mtu yeyote, na pengine hata vita aliyoitaja siyo iliyomjeruhi mtoto yule, maana picha za vita ya zamani huzungushwa kila mara kana kwamba ni za jana. Umpe pia mbadala mkononi, asibaki mtupu. Picha yake mwenyewe, akiwa amefungua kamba za viatu baada ya mazoezi ya alfajiri, jasho likimtiririka, inafaa kuwa juu ya ukurasa kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa watakaochangia wengi wao wanamjua yeye. Au picha ya ule uzi wa sentimita 11.5 ukiwa umelala kwenye kiganja chake. Au mchoro wa mtoto usio na jina, uliotolewa na shirika kwa ridhaa.

Atakuwa na hofu kwamba bila ile picha watu hawatatoa. Mtulize kwa habari hii: watafiti wa saikolojia ya utoaji wameona kwamba watu huwa tayari kutoa zaidi pale ambapo kutoa kunadai jitihada na maumivu, kama kukimbia masafa marefu, kuliko pale ambapo ni starehe tupu, na hali hiyo huonekana zaidi shabaha inapokuwa mateso ya binadamu. Jasho lake lina uzito katika macho ya watu. Vilevile habari za mtoto mmoja hugusa kuliko hesabu za maelfu, na mnaweza kumsimulia mtoto mmoja bila kumfichua, mradi shirika ndilo lililowapa kisa hicho na jina limebadilishwa, jambo ambalo mtaliandika wazi.

Mkiketi kuandika, maelezo yawe mafupi na ya kweli. Ningeanza hivi, nanyi mbadilishe kwa namna yenu: «Nitakimbia kilomita 42.195. Sijawahi kufika hata nusu ya umbali huo. Ninakimbia kwa sababu mtoto aliyepotezana na mama yake vitani hujua wimbo wa nyumbani lakini hajui jina la kijiji chake, na wapo watu ambao kazi yao ni kuufuata wimbo huo hadi mama apatikane. Fedha zote zinakwenda moja kwa moja kwa shirika, hazipitii kwangu.» Halafu elezeni kile ambacho shirika limewaambia kuhusu matumizi, kwa maneno yake na kwa bei zake. Msibuni kwamba kiasi fulani kitamwokoa mtoto fulani. Mkiandika kwamba mchango fulani ni sawa na pakiti kadhaa za chakula dawa, hakikisheni shirika limethibitisha hesabu hiyo, na muongeze kwamba fedha zinaweza kuelekezwa pale penye uhitaji zaidi. Sababu yake binafsi pia iwemo. Ikiwa yeye au jamaa yake aliwahi kuikimbia vita, aamue mwenyewe atasema kiasi gani. Usimsukume, hata kama unajua kwamba kisa hicho kingeleta fedha.

Jiandaeni pia kwa wale watakaotaka kuugeuza ukurasa kuwa uwanja wa siasa. Atatokea mtu aulize kwa nini si watoto wa upande wetu, au kwa nini watoto wa wale waliotuanzia. Kubalianeni mapema jibu moja, fupi na la heshima, kwamba mkataba wa haki za mtoto wa mwaka 1989 unazitaka serikali zimsaidie mtoto yeyote aliyeathiriwa na vita apone na arudi katika jamii, bila kuuliza ni wa nani. Jitolee wewe kuwa msimamizi wa maoni, ufute matusi kabla rafiki yako hajayaona. Kwa mkimbiaji aliyechoka, kuondolewa mzigo huo ni zawadi kubwa kuliko unavyodhani, na haikugharimu chochote.

Mazoezi yenyewe nitayapitia kwa ufupi. Maandalizi ya marathoni kwa kawaida huchukua wiki 16 hadi 20, na katika wiki mbili au tatu za mwisho mkimbiaji hupunguza masafa ili mwili upumzike. Wengi huingiwa na wahaka katika kipindi hicho, kwa hiyo mpigie simu. Msindikize kwa baiskeli siku za masafa marefu. Akiumia, mkumbushe kwamba wachangiaji hawatamdai kilomita, na kwamba anaweza kuliuliza shirika kama kuna utaratibu wa kuahirisha. Siku ya mbio, usisimame mwanzo wala mwisho, ambako watu hujazana. Simama karibu na kilomita ya 32. Hapo ndipo wanga uliohifadhiwa mwilini huelekea kwisha, miguu huwa mizito kama imefungwa mawe, na ndipo sauti ya mtu anayemjua, ikilitaja jina lake, inapomfaa. Usimwambie kwamba amekaribia kufika, kwa maana zimebaki kilomita 10 na anajua. Mwambie mchango umefika kiasi gani asubuhi ile.

Na usiondoke baada ya mbio. Michango huendelea kuingia katika siku zinazofuata, lakini mkimbiaji wakati huo ana malengelenge, anashuka ngazi kinyumenyume, na mara nyingi ana huzuni asiyoielewa kwa kuwa jambo alilolingoja kwa miezi limepita. Shika wewe kazi ya kutuma picha ya kumaliza na kiungo cha ukurasa kwa wale walioahidi wakasahau. Baada ya wiki moja, kaeni mwandike barua ya shukrani kwa kila aliyetoa, mkitaja jumla iliyopatikana na siku ambayo shirika lilithibitisha kuipokea. Mkubaliane pia na shirika tarehe ya kupewa taarifa ya matumizi, tuseme baada ya miezi 6, na uiandike wewe kwenye kalenda yako, kwa sababu yeye atasahau.

Miezi 6 hiyo ndiyo pia muda ambao mtoto mwenye mguu bandia hurudi kupimwa mwingine. Kama kipato chako hakiruhusu mchango mkubwa siku ya mbio, fikiria kutoa kidogo kila mwezi, kiasi ambacho hutakihisi, na uanze mwezi ule ambao wengine watakuwa wameacha. Mashirika huweza kupanga kliniki na mishahara ya wahudumu kwa fedha ndogo za uhakika, jambo wasiloweza kulifanya kwa fedha nyingi za mara moja. Mwambie rafiki yako uamuzi huo siku mtakapokutana kuzungumzia picha, kabla hujamwambia lingine lolote, ili ajue kwamba umekuja upande wake. Na maelezo mkishayaandika, ukitaka niyapitie kabla hamjayatangaza, nitumie. Nitayasoma neno kwa neno.